Mhasibu Aweza Kukaa Funzi

Kuna jambo ambalo kwetu Funzi limezua ubishi barazani: je, mtu aliyesomea uhasibu aweza kuifanya kazi yake nyumbani, akalipwa, na akahesabiwa kuwa ana kazi? Mie nasema aweza. Lakini wale wanaoisifu ati ni kazi ya kukaa kitako na kupigwa na upepo wa bahari, hao hawajamwona mhasibu tarehe 8 ya mwezi.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu hudhani mhasibu ni mtu wa kuhesabu noti. La, huyo ni keshia. Mhasibu huandika pesa zilikotoka na zilikokwenda, akalinganisha, na mwisho akamwambia mwenye biashara kama amepata au amekula hasara. Anachohitaji ni karatasi: ankara, stakabadhi, taarifa ya benki, orodha ya mishahara. Zamani karatasi hizo zilikaa katika kabati la ofisi, basi mhasibu naye ikambidi akae karibu na kabati. Siku hizi kabati limehama. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo mengi huacha alama yake simuni. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa. Ritani za kodi hupelekwa kwa mtandao wa iTax, na ankara za biashara hutolewa kwa eTIMS. Sasa kwa nini mtu apande mashua hadi Bodo, ashike matatu hadi Diani, akafungue tarakilishi ambayo angeweza kuifungulia nyumbani?

Dada yangu ni mhasibu. Alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mitano. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, wageni wakaondoka, naye akarudi Funzi na tarakilishi yake mkobani. Hoteli ilikuwa tupu lakini vitabu havikufungwa. Wadai walikuwapo, mishahara ilikatwa nusu na ilibidi ihesabiwe upya, na mwenye hoteli alitaka kujua atastahimili miezi mingapi. Hayo yote dada aliyafanya katika chumba cha uani kwa bibi. Mambo yalipotulia mwajiri wake akamwambia aendelee vivyo hivyo, mradi aende Diani mara mbili kwa mwezi kukagua stoo na kutia sahihi. Leo anashika pia vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi huko Ukunda. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, yeye kazi yake haisimami.

Nilitegemea matata yatakuwa ya mtandao. Kumbe yalikuwa sisi wenyewe! Mtu akivaa viatu akapanda mashua, kisiwa kizima kinajua anakwenda kazini. Aliyerudisha mlango akaketi na tarakilishi, huyo "yupo tu". Shangazi atamwambia, "Mwanangu, maadamu umekaa, nitazamie chungu." Jirani atamwachia mtoto. Atatumwa chumvi. Kaka yetu ni mvuvi. Akirudi alfajiri hulala hadi adhuhuri na hakuna athubutuye kumwamsha, kwa sababu ametoka kazini. Sikatai, amechoka. Lakini dada naye amekesha akitafuta shilingi 340 zilizokataa kulingana, na asubuhi anaitwa akakune nazi. Nawauliza, wenzangu wavulana hasa: tofauti ni nini hapo?

Na tarehe hazingoji. Kodi inayokatwa kwenye mishahara, yaani PAYE, yatakiwa ifike tarehe 9 ya mwezi unaofuata. VAT ni tarehe 20. Ritani ya mwaka ya mtu binafsi mwisho wake ni Juni 30. Mwaka jana harusi ya mtaa wa pili iliangukia tarehe 9. Wanawake walipokuja kumwita dada hakutoka hadi alipomaliza kutuma. Kwa wiki nzima akaitwa mwenye maringo. Mie namuunga mkono. Angekwenda kuimba, faini ingemwangukia mteja, na mteja angetafuta mhasibu mwingine kesho yake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hatulipendi. Kazi hii huwezi kuianzia nyumbani. Ukipata C+ katika KCSE, waweza kujiandikisha na KASNEB kwa mtihani wa CPA, na vitabu vyake utavisoma hata chini ya mwembe. Lakini dada anasema miaka miwili ya mwanzo kazi yake ilikuwa ikirudishwa na mzee mmoja wa ofisini, imejaa kalamu nyekundu. Nani atakurudishia kazi ukiwa peke yako chumbani? Kwa hiyo anayetaka kurudi kisiwani na aondoke kwanza.

Tena kuna siri. Orodha ya mishahara ni siri ya watu, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Sasa kijijini kwetu karatasi haitupwi, hufungiwa mahamri. Hebu fikiria mshahara wa mtu ukizunguka mtaani na mafuta juu yake! Dada huzichoma zake mwenyewe jikoni.

Faida kwa kisiwa je? Gazi, tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na pesa zake zikaingia katika maji na shule. Vanga nao walianza wa kwao mwaka 2019. Fedha kama hizo hazikai bila daftari, na vikundi vyetu vya wavuvi na vyama vya akina mama ni hivyo hivyo. Dada hushika daftari la chama cha mama bila malipo. Ila alipoombwa akague hesabu za kikundi ambacho mweka hazina wake ni mjomba wetu, alikataa. Mhasibu hamkagui ndugu yake. Mjomba alinuna, lakini ndivyo ilivyo.

Tumeona kiwanda cha sukari cha Ramisi kikifa, na Desemba 2024 tukaona Base Titanium wakimaliza kuchimba madini yao. Kila mara watu wengi wakabaki bila kazi. Dada akimpoteza mteja mmoja, mwingine yupo.

Nami nimekwisha mwambia mama kwamba nikimaliza CPA, na kalamu nyekundu za ofisini nikizivumilia, chumba cha uani cha pili ni changu, tena chenye kufuli. Mama amesema kwanza aione hiyo C+.