Nyumba Isiyo na Shangazi

Akina mama, hebu tufikirie nyumba moja. Mtoto hana kaka wala dada. Baba yake alizaliwa peke yake, na mama yake vivyo hivyo. Je, mtoto huyo atamwita nani shangazi? Mjomba na mama mdogo atawatoa wapi?

Nyumba za namna hiyo ni nyingi mijini huko China. Mwaka 1980 chama tawala kiliwaandikia wanachama wake barua ya wazi, kikiwataka wazae mtoto mmoja tu. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu walikuwa wengi mno na nchi maskini. Sisi hatusemi kupanga uzazi ni vibaya. Mume na mke wakikaa wakakubaliana, ni jambo jema. Lakini hapa aliyekubali ni serikali, na aliyelipa ni mwanamke. Mwaka 1983 pekee watu zaidi ya milioni 20 walifungwa uzazi, wengi wao wakiwa wanawake. Wengine walilazimishwa kutoa mimba, hata zilizokwisha kukua. Aliyezaa bila kibali alitozwa faini kubwa.

Baadaye, sehemu nyingi za vijijini, aliyetangulia kupata binti aliruhusiwa kuzaa tena. Aliyepata mvulana, basi. Yaani msichana alihesabiwa kama nusu mtoto! Si ajabu kwamba mashine za kupima mimba ziliposambaa, wengi walizitumia kuwakwepa mabinti. Kufikia mwaka 2004 walizaliwa wavulana 121 kwa kila wasichana 100. Katika sensa ya mwaka 2020 wanaume waliwazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Watawaoa akina nani?

Mwaka 2016 waliruhusiwa watoto wawili, na mwaka 2021 watatu. Hata hivyo, mwaka 2022 idadi ya watu ilianza kupungua. Serikali iliyokuwa ikitoza faini ilitangaza mwaka 2025 kuwalipa wazazi yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Sasa mtazameni mke aliyezaliwa peke yake, akaolewa na mume aliyezaliwa peke yake. Wana wazee wanne wa kutunza. Kwetu mama akilazwa, dada mmoja huleta uji asubuhi, kaka hununua dawa, na mama mdogo hulala naye wodini. Mke huyo hana wa kupokezana naye, na bado anahimizwa aongeze mtoto.