Ufunguo Kaondoka Nao Mwenye Duka

Tuweke jambo moja sawa kabla hatujaanza kulalamika: sisi hatutafuti vya bure. Tumelipa. Tumelipa kwa kadi za mtandaoni za M-Pesa tulizozijaza salio saa nne za usiku, kwa kadi za benki zilizogoma hadi tukapiga simu tawini, na kwa kadi ya shemeji aliyeko Uingereza ambaye tunamrudishia pesa yake mwisho wa mwezi. Kitabu pepe cha dola 10 kinagonga shilingi 1,300 hivi za Kenya, na bado kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 kwa Mkenya, na jirani yake wa Tanzania Bara naye ana yake. Mwalimu anayenunua riwaya kwa bei hiyo anajua vizuri ni kitu gani hakukinunua wiki hiyo. Sasa tunauliza: vitabu hivi tulivyolipia tuviweke wapi ili siku muuzaji akibadili utaratibu, akifunga duka au akikosana na namba zetu za simu, vibaki mikononi mwetu?

Kwa vitabu vingi, jibu ni kwamba hakuna pa kuviweka. Faili inashuka ikiwa na kufuli ya kidijiti, na kufuli hiyo inaitambua akaunti moja na vifaa vilivyosajiliwa kwenye akaunti hiyo, basi. Ukiinakili kwenye flashi, umenakili na kufuli yake. Ukiipeleka kwenye programu nyingine ya kusomea, haifunguki. Ni kama umenunua kabati kwa seremala, ukalibeba hadi nyumbani na kulijaza nguo, ndipo unagundua kwamba ufunguo kaondoka nao yeye, na mkataba unamruhusu apite wakati wowote kuangalia umepanga nini.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2025 palikuwa na upenyo. Mteja wa Amazon aliweza kuingia kwenye akaunti yake, akachagua kitabu, akakipakua kwenye kompyuta, kisha akakihamishia kwenye Kindle kwa kebo. Huduma hiyo iliwafaa wenye vifaa vya zamani na wasio na Wi-Fi ya uhakika, lakini watu wengi waliitumia kujiwekea akiba. Kufuli ilibaki pale pale, ila angalau faili ilikaa kwenye diski yako, ukaiona kwa jina na ukubwa wake. Tarehe 26 Februari 2025 upenyo huo ukazibwa. Wenye vitabu mamia walikesha siku za mwisho wakibofya kimoja kimoja, maana ukurasa haukuwa na namna ya kuvichukua vyote kwa mkupuo. Sisi wengine tulipata habari Machi imeshaanza. Kinachotuchekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba kebo yenyewe haikukatazwa. Faili uliyoitoa kwingine bado unaweza kuichomeka kwenye Kindle bila taabu. Kilichofungiwa njia ya kompyuta ni kitabu ulichonunua pale pale dukani.

Tunaambiwa tusiwe na wasiwasi, vitabu viko salama kwenye seva za mwenye duka. Salama kwa nani? Mwenzetu mmoja alibadili laini. Ile ya zamani ikakaa bila kutumika hadi kampuni ya simu ikaifunga na kumuuzia mtu mwingine. Simu yake ya kusomea ilipoharibika, akajaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu mpya. Namba ya uthibitisho ikatumwa kwenye laini ile ile. Dawati la huduma la muuzaji wake, ambaye hatutamtaja, likamtaka athibitishe kadi aliyolipia: ilikuwa kadi ya mtandaoni iliyokwisha muda wake zamani. Barua pepe zikaenda na kurudi, kila moja ikisainiwa na mtu mwenye jina jipya anayemshukuru kwa uvumilivu. Vitabu vipo, hakuna aliyevifuta. Ila hasomi hata kimoja, na huko aliko mgeni wa laini ile anapokea tu namba za siri za maktaba asiyoijua.

Hayo ni ya mtaani kwetu. Yale makubwa yaliandikwa magazetini, na wala si ya kubuni. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja wa Marekani na kuondoa nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza huko. Pesa zilirudishwa. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi baadaye. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika maelezo yake ndani ya kitabu alijikuta maelezo yamebaki bila kitabu cha kuyashikia, akaenda mahakamani. Kimoja cha vitabu hivyo viwili ndicho tunachokijua sisi kama Shamba la Wanyama, kilichotafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kuchapishwa mwaka 1967. Nakala za karatasi za tafsiri hiyo zimepita mikononi mwa wanafunzi, zimechanwa majalada, zimefungiwa karanga, na hakuna mchapishaji aliyewahi kuingia chumbani mwa mtu usiku kuichukua yake.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya mwanamke mmoja wa Norway. Akaunti yake ilifungwa na vitabu vyake vikatoweka. Alipouliza, akajibiwa kwamba inahusishwa na akaunti nyingine iliyovunja masharti, na ni akaunti ipi hakuambiwa. Habari ilipoenea akarudishiwa. Halafu Microsoft, Aprili 2019, ikatangaza kwamba duka lake la vitabu linafungwa, na ilipofika Julai vitabu vikaacha kufunguka, hata vile ambavyo mtu alikuwa katikati ya sura. Kwa haki yao, walirudisha pesa zote. Waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni ya kurasa waliongezewa dola 25. Tumezijadili sana hizo dola 25. Kuna aliyesema ni nyingi kuliko mapato ya mwandishi wa kitabu chenyewe. Kuna mama mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, aliyesema tasnifu yake yote imo pembeni ya kurasa, na mtu akimletea dola 25 ataomba aletewe na kiti akae kwanza.

Na si kufutwa tu. Mwaka 2023, wakati vitabu vya Roald Dahl vilipohaririwa upya Uingereza, wapo wasomaji waliosema nakala zao za kielektroniki, zilizokuwa zimeshanunuliwa, zilibadilika zenyewe. Uamuzi wa kuhariri unaweza kuwa mzuri au mbaya, watu wagombane wanavyotaka. Sisi tunauliza kuhusu nakala iliyokwisha kulipiwa: nani kamwita mhariri?

Sheria, kwa upande wake, haijatuacha gizani, imetuacha nje. California ilipitisha sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijiti amwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ni hatua, lakini ni hatua ya kukuambia kwamba unaumia. Nayo mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019, katika kesi ya kampuni ya Tom Kabinet ya Uholanzi, kwamba kitabu pepe kilichotumika hakiwezi kuuzwa tena bila ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kwa hiyo biashara ya inama ya Nairobi, ambapo kitabu kinatandazwa chini, unainama, unachagua, unapatana bei, kwenye vitabu pepe haipo. Na ukitaka kuifungua kufuli mwenyewe, hata kwa nia ya kuweka akiba tu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kukwepa kinga ya namna hiyo kuwa ni kukiuka haki za mwenye kazi. Marekani ina katazo lake tangu 1998. Programu za kufungulia zipo, kila mtu anajua zipo, na ndiyo maana baadhi yetu wanaposimulia walivyohifadhi vitabu vyao hushusha sauti kana kwamba wanasimulia gongo.

Sasa linganisheni na yule asiyelipa. Jirani yetu yumo kwenye kundi la WhatsApp ambako riwaya inamwagwa ikiwa PDF wiki ileile inayotoka. Ana mamia. Anazo kwenye simu, kwenye laptopu ya ofisini, kwenye flashi ya mdogo wake. Hakuna anayemtumia namba ya uthibitisho. Akihama nchi anahama nazo. Duka likifungwa hatajua kama lilikuwepo. Mwandishi kaibiwa, hilo hatulipunguzi hata kidogo, na mwandishi wa Kiswahili kaibiwa zaidi kwa sababu kipato chake kilikuwa kiduchu tangu awali. Lakini kufuli iliyowekwa kumzuia mwizi haikumzuia. Imemkuta ndani ya nyumba mtu mmoja tu, yule aliyelipa.

Kinachouma zaidi ni kwamba kazi yenyewe ya kuhifadhi ni rahisi mno. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki megabaiti moja. Vitabu elfu vinaweza kukaa kwenye gigabaiti moja au mbili, yaani flashi ndogo kabisa ya Kariakoo au Luthuli Avenue inavimeza vyote na kubakiza nafasi ya harusi ya dada na video zake. (Muziepuke zile zinazodai terabaiti mbili kwa bei ya soda, hizo ni hadithi nyingine.) Programu ya Calibre, ambayo Kovid Goyal wa India alianza kuiandika mwaka 2006 na bado inatolewa bure, inapanga vitabu kwa mwandishi na mfululizo, inarekebisha majalada, na inageuza faili kutoka umbo moja hadi jingine ilimradi haina kufuli. Watu wa kompyuta wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba, kwa mama mkwe ikibidi. Maelezo yako mwenyewe pia unaweza kuyaokoa. Kindle nyingi huyaweka kwenye faili ya maandishi matupu iitwayo My Clippings.txt, ambayo unainakili kwa kebo kama faili nyingine yoyote. Fanyeni leo, hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.

Karatasi nayo ina maadui wake, tunajua. Mchwa hawasomi vigezo na masharti. Mafuriko yamechukua maktaba za watu Jangwani. Ila mchwa hatukumlipa.

Tena mambo yangeweza kwenda vingine, na kuna mahali yanakwenda. Tor Books, wachapishaji wakubwa wa riwaya za sayansi na njozi wa Marekani, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao pepe mwaka 2012, na bado wanachapisha. Mwaka huohuo duka la Pottermore lilianza kuuza Harry Potter kwa kuweka ndani ya faili alama ya mnunuzi badala ya kuifunga: chukua, nakili, weka unapotaka, lakini ikikutwa inazagaa tutajua imetoka kwa nani. Hilo tunalikubali kwa moyo mmoja. Andikeni majina yetu kamili kila ukurasa, na namba ya kitambulisho mkipenda.

Tunalisema sasa kwa sababu wachapishaji wa hapa kwetu nao wameanza. Kila mmoja anakuja na programu yake ya simu, unajisajili, unalipa kwa simu, unasoma humo humo. Tunawapongeza, maana kupata riwaya ya Kiswahili ukiwa Doha au Toronto ilikuwa kazi ya kumsubiri mtu anayekuja likizo. Lakini wengi wameiga pia kasoro za wakubwa: hakuna kitufe cha kupakua, na programu ikiondolewa dukani, vitabu vinaondoka nayo. Kampuni kubwa ya Marekani ikifunga duka inaweza kumudu kurudisha pesa. Mchapishaji wa mtaa wa pili, aliyefunga kwa sababu hana pesa, atarudisha nini?

Kwa hiyo waandike kwenye ukurasa wa kuuzia, kwa herufi zinazosomeka na kabla hatujaingiza namba ya siri, kama faili inapakuliwa au haipakuliwi, na nini kitatokea wakifunga. Kama ni kukodi waseme ni kukodi. Hatuna ugomvi na kukodi. Tuna ugomvi na kukodi kwa shilingi 1,300 pamoja na kodi. Kwa 300 tungeweza kukaa chini tukazungumza.