Uani kwangu sijengi ukuta

Cherehani yangu inakaa uani, chini ya mkungu, na huu ni mwaka wa 19. Hapo ndipo ninapokata vitambaa na kupima wateja, ndipo wajukuu wanapolala mchana mkekani, ndipo tunapokunywa chai ya saa kumi. Ni chumba kamili, kasoro dari. Ndiyo maana majirani zangu wa Mikanjuni, hapa Tanga, wakinihimiza nijenge ukuta wa tofali kama wenzangu, nawajibu kuwa chumba changu kina kuta tayari. Ni za mhina.

Kazi ya ukuta wa tofali nimeshaiona. Jirani yangu wa upande wa kusini alipandisha wa kwake mwaka juzi, kozi kumi, plasta nje na ndani. Kusi ilipoanza kuvuma tulidhani kwake kutatulia. Wapi! Upepo ukikuta kitu kisichopitisha huruka juu, kisha huanguka upande wa pili ukizunguka, na kanga za mama mwenye nyumba zikawa zinang'oka kambani kila siku. Usiku nazo tofali hutema joto lote zililolishika mchana. Majani hayana tabia hiyo. Upepo hupenya, hupungua nguvu, na unaofika mezani kwangu haupeperushi hata karatasi ya kukatia ruwaza.

Lakini si kila mti wa ua ni wa uani, na hilo nililijua kwa machozi. Ua wangu wa kwanza ulikuwa wa minyaa. Niliuchagua kwa sababu zilezile za kila mtu: unachomeka tawi ardhini linashika, halidai maji, mbuzi hawaligusi. Yote hayo ni kweli. Siku moja mjukuu wangu, akiwa na miaka 5, alivunja kijiti apate upanga wa kuchezea. Utomvu mweupe kama maziwa ukamrukia jicho la kushoto. Nilimwinamisha kichwa bombani, maji yakatiririka jichoni muda mrefu, yeye analia, mimi mikono inatetemeka, mpaka ikapatikana bodaboda ya kutupeleka hospitali. Siku mbili nzima hakuweza kulifungua jicho lile. Lilipona, alhamdulillahi. Wiki iliyofuata nilivaa miwani na glovu nikang'oa minyaa yote, shina kwa shina.

Tangu hapo, mtu akiniuliza apande nini, namuuliza kwanza nani atakaa humo ndani. Penye watoto, minyaa isikaribie. Mbono nao nauogopa: mbegu zake zina ladha ya kumvuta mtoto, na akila chache tu ni kutapika na kuharisha. Oleanda, ile yenye maua mekundu na ya pinki tunayoiona mbele ya maofisi, ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Miche ya namna hii inauzwa kandokando ya barabara, imefungwa vizuri kwenye viroba vyeusi, na muuzaji anakutajia bei tu. Naona ni wajibu wake kumwambia mteja anampa nini. Dawa ya panya huuzwa kwa onyo. Mmea wa sumu nao unastahili onyo.

Mahali napo pana neno lake. Dada mmoja mwenyeji wa Marangu, aliyehamia mtaa wa pili, alizungushia uani kwake masale kama kwao, ambako isale ndilo mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na ndilo jani analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Namwelewa kabisa. Ila kule yanakua kwenye ubaridi, chini ya migomba. Jua la Januari la Tanga liliyababua ncha zikawa kahawia. Tuliyahamishia chini ya mwembe wake, yakarudisha rangi, na ua akapanda mwingine.

Mhina wenyewe ni mti wa jua. Kata vipando vyenye unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, uvichomeke mvua zinapoanza, nusu yake ndani ya udongo. Panda mistari miwili kwa kupishanisha, kama mshono wa zigzagi, ili pasiwe na tundu. Miaka miwili ya mwanzo jistiri kwa makuti.

Sasa pa kuharibia ni hapa. Mche ukifika magotini, ukate nusu. Watu huona huruma, wanauacha ukimbilie juu, na mwishowe wanapata ua wenye kichwa kikubwa na miguu mitupu, kuku wanapita watakavyo. Ukikatwa mapema hutoa machipukizi chini. Yakikua unakata tena. Mimi huuacha uwe mpana chini na mwembamba juu, mfano wa sketi inavyofunguka kuelekea pindo, jua lipate kufika hadi jani la chini kabisa. Na chini yake nafagia kila Jumamosi, kwani nyoka anayeogopwa hupenda takataka zilizorundikwa.

Wezi? Upande wa barabarani nimepanda michongoma, ina miiba ya kutosha. Zaidi ya hapo, mwizi akishavuka ukuta mrefu hakuna anayemwona tena. Kwangu mtu akitikisa tawi, jirani anasikia na anauliza, "Nani huyo?"

Jioni maua ya mhina, madogo, ya rangi ya maziwa, hunukia mpaka barazani, na nyuki hawaishi. Wiki ya harusi mtaani wasichana huja na nyungo kuchuma majani. Mama wa ule ukuta wa kusini naye siku hizi huja na kigoda chake saa kumi.

Vuli inakaribia na nitapogoa. Vipando vitakuwepo vingi. Anayetaka aje asubuhi, jua halijapanda, na ndoo yenye maji kidogo chini, visinyauke njiani.