Vinawaharibu wapi, wakati havijawafikia?

Ndugu yetu ameandika kwamba vidonge vya kuzuia mimba na kapoti ndivyo vinavyowaharibu wasichana wa Bukavu. Vinawaharibu wapi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta wasichana 27 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 nchini Kongo wameshazaa au ni wajawazito. Hiyo si nchi iliyofurika vidonge.

Aende mtaa wa Kadutu, humo humo Bukavu, jioni, asimame katika duka la dawa. Msichana anaingia, anamkuta jirani wa mama yake kaegemea kaunta, anaomba dawa ya kichwa, anatoka. Alichokijia hakukitaja. Mvulana ananunua kapoti huku anacheka, wala haulizwi ni mtoto wa nani.

Sheria je? Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 inamruhusu mtu aliye katika umri wa kuzaa kupata njia ya kuzuia mimba, akishaelezwa na akikubali mwenyewe. Ila karatasi ya Kinshasa haimzuii muuguzi kuuliza, "Mume wako yuko wapi?"

Ndugu yetu anasema wasichana wajizuie tu. Anayasema hayo katika mji wa hospitali ya Panzi, ambayo imejulikana dunia nzima kwa kuwatibu waliobakwa tangu 1999! Hao nao hawakujizuia?

Anasifu pia malezi ya shangazi, nami nayapenda. Basi amwombe shangazi ampeleke binti kliniki, amsubiri nje, na wakirudi nyumbani asimsimulie mtu.