Maandishi Yetu Yawe na Ruhusa



Katika matawi yetu kuna ubishi. Wengine husema kunakili maandishi ya mtu ni wizi. Wengine husema kilichoko kwenye intaneti ni cha wote, kama maji ya mtoni. Pande zote mbili zimekosea. Andiko lina mwenyewe, na sheria inamlinda hata asipoandika neno la kukataza. Lakini mwenyewe anaweza kutoa ruhusa mapema, kwa maneno machache tu.

Tazameni kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari. David Werner alikiandika kwa Kispanyola, kwa ajili ya wanavijiji wa milimani Mexico, kikatoka miaka ya 1970. Leo kinasomwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Shirika la Hesperian la California, linalokichapisha, linaruhusu watu kunakili na kurekebisha sehemu zake, hata picha, mradi masharti yake yafuatwe, likiwamo la kwamba nakala zitolewe bure au kwa gharama ya kuchapa. Anayetaka faida aombe kwanza. Mwaka 2015 shirika hilo lilitoa pia kitabu cha afya na usalama wa wafanyakazi wa viwandani.

Mwaka 2002 zilitoka leseni za Creative Commons. Humo mwandishi huchagua masharti yake: nitajeni jina, msiuze, msibadilishe, au mkibadilisha nanyi toeni kwa masharti yaleyale.

Sasa tujitazame. Vijikaratasi vyetu kuhusu dawa za kupulizia mashambani havina neno hata moja la ruhusa. Ndugu mwaminifu wa tawi jingine anaogopa kuvinakili. Asiye mwaminifu haogopi. Nimeona nakala zikiuzwa langoni mwa shamba. Nimeona nyingine imebandikwa ukutani kiwandani, na sehemu ya haki ya mfanyakazi kujiondoa penye hatari kubwa imekatwa. Haki hiyo imo katika Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981. Asiyeijua atabaki palepale mpaka macho au mapafu yaharibike.

Mtasema mwenye kukata atakata tu. Kweli. Lakini masharti yakiwapo, tuna neno la kumwambia aibandue, na msomaji atajua nakala kamili aitafute wapi.

Basi napendekeza kila kijikaratasi kichapwe maneno haya: "Ruhusa kunakili na kutafsiri. Tajeni tawi lililoandika. Kisiuzwe kwa faida. Sehemu ya haki za mfanyakazi isikatwe." Nasi tukichukua ya wengine, tusome masharti yao kwanza, tuyatii, na tuwataje kwa majina.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maandishi ya chama ni mali ya wafanyakazi. Makatibu wa matawi, lileteni jambo hili kwenye mkutano ujao.