Kindu: Karanga nzima mkononi mwa mtoto mdogo, hatari isiyozungumzwa sana

Katika muji wa Kindu, karanga za kukaangwa ziko kila mahali, na mtoto wa mwaka mmoja hupewa kidogo ili anyamaze. Wazazi wanaogopa malaria, kipindupindu na maji ya Lualaba. Kupaliwa hakuogopwi vile, ingawa kunaua kwa dakika chache tu.

Sababu iko mwilini. Mtoto wa chini ya miaka 3 hana bado magego yote ya kusaga, na njia yake ya pumzi ni nyembamba. Akicheka, akilia ao akikimbia na kitu mdomoni, pumzi inakivuta ndani. Ni vilevile kwa punje za mahindi, maharagi, vifuniko vya biki na ushanga.

Karanga ikishuka mpaka mapafuni, mara nyingi hata picha ya radio haiionyeshi. Mtoto anaweza kukohoa wiki nyingi huku akitibiwa homa ya mapafu. Kuitoa kunaomba chombo maalum kinachopitishwa mdomoni, na munganga wa dawa ya usingizi. Hospitali zenye uwezo huo ni chache Kongo. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa na AFC/M23, Januari na Februari 2025, kupeleka mgonjwa upande ule kumekuwa kugumu zaidi, na ndege ya Kinshasa inaomba falanga nyingi. Mama wa Alunguli, yeye, anapaswa kwanza kuvuka mto.

Basi kinga inabaki nyumbani. Karanga zisagwe, ziingie katika uji ao sombe. Nzima zingoje miaka 4 ao 5. Mtoto ale akiwa ameketi, asilazimishwe uji akiwa analia ao amelala chali.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa ao kulia, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini. Kisha mdogo huyo ageuzwe, abonyezwe mara 5 katikati ya kifua. Mkubwa zaidi ashikwe kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, avutwe mara 5 kwa ndani na juu. Irudiwe mpaka kitu kitoke, halafu apelekwe kituo cha afya. Asipewe maji, na kidole kisiingizwe kutafuta kitu kisichoonekana.

Siku za kupima watoto kilo, akina mama wanafundishwa chandarua na kunawa mikono. Dakika tano za kuonyesha mapigo hayo hazingeomba hata falanga moja.