UMEME UKIIBWA, HAKI ISIIBWE NAYO



Sisi watu wa visiwani tunaijua thamani ya umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarejea kwa miezi mitatu, baada ya njia ya umeme utokao Bara kuharibika. Kwa hivyo asitusingizie mtu kwamba tunamtetea mwizi wa umeme. Anayeikwepa mita huwatwika wenziwe mzigo wake, na waya wa kubahatisha huua. Ikithibitika, aadhibiwe.

Tunayoihoji ni njia anayopitishwa mtu kabla haijathibitika.

Tutazame Sitalike, kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini ya Mpanda. Hatusemi kwamba watu wake ni wezi. Tumekichagua kwa sababu kiko mbali na wakubwa, na sheria hupimwa kwa namna inavyomfikia aliye mbali.

Tuseme mwenye duka wa huko amemlipa kishoka akidhani ni fundi wa shirika. Baadaye wakaguzi wakakuta waya umepita nje ya mita. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalo kosa la kujichukulia umeme kwa hila. Neno “hila” ndilo lenye uzito: mshitaki hana budi kuthibitisha kwamba mtu huyo alijua na alikusudia. Shauri kama hilo hakimu wa karibu anaweza kulisikiliza na kulimaliza.

Lakini upo mlango wa pili. Nao ni Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ya mwaka 1984, kwa shitaka la kuisababishia hasara mamlaka ya umma. Watuhumiwa wa wizi wa umeme wamepata kupitishwa humo. Akiingizwa humo, mahakama ya chini haina uwezo wa kumsikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashitaka atoe ridhaa na hati yake. Mshitakiwa huambiwa asijibu lolote. Kiasi cha hasara kilichoandikwa ndicho kinachoamua ni mahakama ipi itakayompa dhamana. Kikivuka kiwango, ni Mahakama Kuu peke yake, ambayo kwa watu wa Katavi ilikuwa Sumbawanga kwa miaka mingi. Na mabadiliko ya mwaka 2016 yaliweka kifungo kisichopungua miaka 20.

Nani basi aliyeipiga hesabu ya hasara hiyo? Ni mlalamikaji mwenyewe! Yeye ndiye aliyeikagua mita, ndiye aliyeing’oa, ndiye aliyeandika kiasi, na ndiye atakayesimama kuwa shahidi. Kalamu yake inaamua mtu alale kwake au mahabusu, kabla hakimu hajauona hata waya mmoja.

Wanachama wetu wanaijua kauli ya “upelelezi haujakamilika”. Masheikh wa Uamsho waliisikia mahakamani huko Bara kwa miaka, mpaka mashitaka yao yalipoondolewa mwezi Juni 2021. Katiba ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hajathibitika kuwa nayo. Katiba hiyo ni ya mtu wa Sitalike kama ilivyo ya mtu wa Micheweni, na ndugu zetu wengi wamo Bara wakifanya biashara.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, mwenye nyumba mmoja na waya wake mmoja ashitakiwe kwa Kanuni ya Adhabu. Uhujumu uchumi waachiwe wale wanaofanya wizi huo kuwa biashara. Pili, mita ing’olewe mbele ya mwenyewe na kiongozi wa kijiji, itiwe lakiri, na ipimwe na mtaalamu asiyekuwa mtumishi wa mlalamikaji. Tatu, hesabu ya hasara apewe mshitakiwa siku ya kwanza, ili aweze kuipinga.

Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Matawi yalizungumze jambo hili, na wawakilishi wetu walifikishe Bungeni.